Mwarobaini, mgrevilea, mpaina, mkaratusi au mkuyu? Kabla hujapanda Mwanza angalia kwanza mabomba ya ndani ya mti

Juzi kati kaja mama mmoja kitaluni kwangu, nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, alafu akaniambia ana kiwanja Kisesa mlimani na kingine kidogo Kayenze karibu na ziwa, anataka miche ishirini ya kivuli na mbao baadae, "nichanganyie tu yoyote inayokua haraka". Nikamwambia mama kaa kwanza kwenye benchi hapa, mana hivo viwanja viwili ni kama nchi mbili tofauti, na nikikuchanganyia tu mwezi wa tisa utarudi kunililia.

Watu wengi wanalinganisha miti kwa vitu viwili, bei ya mche na kasi ya kukua. Mi nalinganisha kwa jinsi mti unavyopandisha maji, yaani mabomba yake ya ndani, kwasababu hapo ndo kasi inapotokea na hapo hapo ndo kifo kinapotokea. Nikueleze kama nilivyomweleza mama, alafu twende mti kwa mti.

Mtu yeyote aliyewahi kununua pampu ya kunyonya maji kisimani anajua fundi anakwambia kisima kikizidi mita saba nane achana nayo, haitavuta. Ni hewa ya nje ndo inasukuma maji yapande kwenye mpira, na hewa ina mwisho wake, usawa wa bahari inasukuma mita 10 na kidogo, na huku kwetu uso wa ziwa uko kama mita 1,134 juu ya bahari hewa ni nyepesi zaidi kwahiyo inabaki kama mita 9 hata pampu iwe nzuri vipi. Sasa kuna mkukusu mmoja kwenye bonde huko Kilimanjaro, 2016 ilitangazwa kuwa umepimwa una mita 81.5, mti wa asili mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika. Hauna mota, hauna luku, na maji yanafika juu kileleni kila siku. Yanafikaje?

Yanavutwa toka juu. Jani lina vitundu vidogo vinaitwa stomata, jua likiwaka maji yanatoka pale kama mvuke, na kwa kuwa chembe za maji zinashikana sana, moja ikitoka inaivuta ya nyuma yake, na hiyo inavuta nyingine, mpaka kwenye mzizi. Wazo hili walilitoa Henry Dixon na John Joly kule Dublin mwaka 1894 na mpaka leo ndo linakubalika na wataalamu wengi. Kwahiyo ndani ya mti maji sio kama maji ya bombani yanayosukumwa, ni kama kamba iliyokazwa. Na imekazwa haswa! Tairi la gari dogo lina presha kama megapaskali 0.2 ya kusukuma, mti wa kawaida saa saba mchana unaweza kuwa unavuta kwa megapaskali 1 au 2, yaani mara tano mpaka kumi ya hiyo, ila kwa upande wa kuvuta.

Kamba ikikazwa sana inakatika. Udongo ukikauka mti unavuta zaidi na zaidi mpaka hewa inapenya kwenye mrija, kinatokea kiputo, na ule mrija umekufa kikazi. Ni kitu kilekile mpira wa kunyonya wa pampu ukitoboka, inaingiza hewa na maji yanakata. Mrija mmoja sio tatizo, mti una maelfu, ila vikiputo vikisambaa tawi linakauka huku mizizi bado iko hai, na watu wanasema mti umelogwa au umepigwa dawa kumbe umekatika maji.

Sasa asili imetoa mabomba ya aina mbili kubwa na hapa ndo ulinganisho unapoanzia.

Aina ya kwanza ni ya zamani sana, vijirija vyembamba na vifupi vinaitwa trakeidi, milimita chache tu urefu, maji yanapita toka kimoja kwenda kingine kupitia vidirisha ubavuni. Mipaina, misaipresi na ndugu zao wanatumia hivi. Kuna visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, vya mimea yenye mbao vyenye umri wa kama miaka milioni 400, vimeokotwa Ufaransa na Kanada, na vilikuwa vijimea vidogo tu, sio miti, kwahiyo inaonekana mbao ilianza kama njia ya kupitishia maji, kazi ya kuusimamisha mti ikaja baadae. Mi jambo hili lilinibadilisha kabisa namna ninavyoangalia kuni.

Aina ya pili ilikuja na mimea ya maua, mirija mipana iliyounganishwa kichwa kwa kichwa kama mabomba ya fundi, mingine mirefu zaidi ya mita. Na upana hapa una faida ya ajabu, mrija ukiwa mpana mara mbili haupitishi maji mara mbili, unapitisha mara 16 kwa mvuto uleule. Mara 16! Ndo mana miti ya mirija mipana inaweza kulisha majani mengi mapana na kukua kwa fujo. Ila kwa kawaida mrija mpana na mrefu ukiingia hewa hasara nayo ni kubwa, umepoteza bomba zima, wakati trakeidi moja ikiharibika umepoteza kipande kidogo mno.

Haya, mti kwa mti.

Mpaina kwanza kwasababu watu wanaupenda wakikumbuka mashamba ya Rubya kule Ukerewe na Buhindi upande wa Sengerema. Una trakeidi, na kwenye vile vidirisha vyake kuna kama futivalvu, kisahani kidogo katikati, upande mmoja ukiingia hewa kinabanwa kuziba tundu hewa isipite upande wa pili. Ufundi mtupu. Alafu mpaina ni mwoga, ukiona ukame unaanza unafunga stomata mapema na kusubiri. Kwahiyo ni salama, ila ukifunga stomata hauli pia, hauvuti hewa ya kutengenezea chakula, kwenye ukame mrefu unakonda taratibu. Na kuna jambo wauzaji wengine hawakwambii, mizizi yake inahitaji fangasi rafiki wa kuusaidia kunyonya, ukiupanda kwenye udongo ambao haujawahi kuwa na mipaina bila kuchanganya udongo kidogo wa shamba la mipaina unadumaa unakuwa wa njano. Kwa kiwanja cha nyumbani mi siushauri, kwa eka kadhaa huko Ukerewe sawa.

Mgrevilea ndo unaouzika kuliko yote kwangu. Umetoka mashariki mwa Australia, sehemu zenye mvua ya kutosha, una mirija, unakua haraka, mbao nzuri, unaukata matawi unachipua, hausumbui mahindi sana. Kinachonifurahisha ni mizizi yake. Watafiti waliufunga vipima mwendo wa maji kwenye mizizi kule Machakos, Kenya, wakakuta mvua ikinyesha na juu kukilowa huku chini bado pakavu, mizizi inayashusha maji kwenda chini, yaani inaweka akiba ya maji kwenye udongo wa kina. Sasa fikiria hiyo inahitaji nini, inahitaji udongo wenye kina! Ukiupanda juu ya jabali lenye udongo wa futi moja umeunyima benki yake. Nina ushahidi wangu mwenyewe, nilipanda thelathini kwenye mteremko wa mawe, miaka miwili ya kwanza ilipendeza mpaka majirani wakaja kuomba miche, mwaka wa tatu vuli ikachelewa na ikaja kidogo, ikaanza kukauka kileleni, kilele kwanza, alafu matawi ya juu, ikabaki saba. Iliumiza sana mana nilikuwa nimeihesabia kama ada ya mtoto.

Hiyo ya kukauka kileleni sio bahati mbaya. Kuna jambo ambalo hata mi nilikuwa naliamini vibaya, nilikuwa nasema mti wa ukame una mirija midogo na mti wa mvua una mirija mikubwa basi. Watafiti wakiongozwa na Mark Olson wa Mexico wamepima mamia ya aina za mimea toka kila hali ya hewa wakakuta kinachoeleza upana wa mirija kuliko kitu kingine ni urefu wa mti. Mti mrefu lazima upanue mabomba yake chini ili njia ndefu isipunguze maji, ni kama ukitaka kuvuta maji umbali mrefu fundi anakwambia anza na bomba la inchi mbili usianze na la nusu. Hali ya hewa inaingia kwa mlango mwingine, pakavu miti inakuwa mifupi, na mifupi ina mirija myembamba. Maana yake ni kwamba ndani ya aina ileile moja, mti mrefu ndo uko hatarini zaidi ukame ukibadilika, na mti unaokauka kilele na kuchipua chini unajipunguza urefu ulingane na maji yaliyopo. Kwahiyo ukiona hivo usikimbilie kung'oa, kata sehemu iliyokufa uuache.

Mwarobaini sasa. Ukiuweka pembeni ya mgrevilea miaka miwili ya kwanza utaona kama umechagua vibaya, ni mfupi, umetanuka, mwenzake anaenda juu. Ila mwarobaini unaishi hata kwa mvua ya milimita 400 kwa mwaka, sisi Mwanza tunapata zaidi ya mara mbili ya hiyo, kwahiyo hata mwaka mbaya wetu kwake ni mwaka wa kawaida. Una mizizi inayopenya nyufa za mawe, mbao yake nzito kiasi, na kwa kawaida mbao nzito inaenda na mirija yenye kuta imara isiyoingia hewa kirahisi. Kosa lake moja, na ni kubwa kwa watu wa ziwani, hautaki kabisa maji kutuama. Udongo wa mbuga ule mweusi wa Misungwi na Kwimba unaojaa maji masika na kupasuka kiangazi, mwarobaini hapo usijaribu.

Na mkwaju uko kundi hilohilo la uvumilivu, unakua polepole zaidi ila ukishika umeshika, wajukuu watakula ukwaju. Sina la kuongeza.

Mkaratusi ndo unaoleta ubishi kila mahali. Wenyewe wa Australia, ndani ana mirija mipana ya kutosha na pembeni ya hiyo mirija kuna trakeidi nyembamba, inadhaniwa kazi yake ni kuendelea kupitisha maji hata pale mirija mikubwa ikishaingia hewa. Kwahiyo ana bomba kubwa la masika na bomba dogo la dharura, alafu ana mizizi inayoenda mbali kufuata maji. Tofauti na mpaina ambao unafunga mapema, mkaratusi wengi wanaendelea kunywa kama mizizi bado inapata kitu. Kwa mbao na nguzo na kuni hakuna wa kumshinda kwa kasi, mi siwezi kudanganya watu kwenye hilo. Ila usimpande karibu na kisima chako, wala chemchem, wala bondeni kunakotegemewa na majirani kwa bustani, kwasababu hayo maji anayoyapandisha hatengenezi, anayatoa palepale mnapochota. Mpande sehemu kavu ya mbali na shamba, kwa hesabu ya kuvuna, uvune.

Tuje ziwani. Hapa watu wanakosea kwa namna ya kinyume, wanadhani karibu na maji mti wowote utafurahi. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda mpaka kuvunja rekodi ya miaka ya sitini, nilishuhudia mipapai, miparachichi na miarobaini imesimama ndani ya maji imenyauka kama ya jangwani. Mti unakufa kiu ndani ya maji! Sababu ni kwamba mzizi unahitaji hewa ili ufanye kazi, ukizama unakosa oksijeni, milango yake ya kuingizia maji inafungwa, jani linaendelea kuvuta na chini hakiji kitu. Kwahiyo kwa kiwanja cha mwambao ushindani sio nani anavumilia ukame, ni nani mzizi wake unavumilia kulowa. Hapo mkuyu unashinda, ni mti wa kando ya mito na maziwa kwa asili, mbao yake laini nyepesi, ana majani mapana, anakunywa sana kwasababu amezoea maji kuwepo. Ila mkuyu mkubwa mizizi yake inainua ukuta na kupasua tenki la chini, weka mbali na nyumba mita 15 hivi au zaidi. Na kumbuka sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka kingo za ziwa, kwahiyo kabla ya kufanya chochote pale chini pita ofisi ya mtaa uulize.

Mvule ni wa kati. Watu wanaupenda kwa mbao na wana haki, ukikata kipande chake kwa wembe mkali unaweza kuona vitundu vya mirija kwa macho tu. Mirija mipana hivo anailindaje? Kiangazi anapukutisha majani, anazima mtambo. Mtu anaona mti mtupu anadhani umekufa kumbe umefunga duka mpaka mvua. Shida yake miche midogo inashambuliwa na kadudu kanakosababisha vinundu kwenye majani na machipukizi, inadumaa, kwahiyo panda miwili mitatu katikati ya miti mingine, usijaze kiwanja kizima.

Kuna utafiti mmoja wa mwaka 2012 ambao kila nikiuwaza unanipa wasiwasi. Walikusanya aina 226 za miti toka sehemu 81 duniani, wakalinganisha presha ambayo mti unaivuta siku ngumu kabisa na ile ambayo mirija yake inaanza kufa kwa wingi, wakakuta kama asilimia 70 zinaishi karibu sana na ukingo, tofauti chini ya megapaskali 1, na hii ni kwa misitu ya mvua na ya ukame vilevile. Mwanzoni nilidhani mti wa sehemu ya mvua una akiba kubwa mana maji yapo. Hapana, kila mti umejipanga kwa hali ya hewa ya kwao na kutumia nafasi yote iliyopo ili ukue kuliko jirani yake, haujiwekei ziada ya bure. Kuna jamaa ya msaipresi magharibi mwa Australia, Callitris tuberculata, inafika karibu megapaskali 19 za kuvuta ndo inapoteza nusu ya uwezo wake, ni rekodi, ila umekaa jangwani na unakua taratibu mno, hiyo ndo bei yake.

Kwahiyo mi nikichagua siangalii wastani wa mvua ya mwaka. Naangalia mwezi mbaya kuliko yote wa kile kiwanja. Kwa Kisesa mlimani mwezi mbaya ni wa nane na wa tisa, udongo wa luseni, kichanga kisichoshika maji, juu ya mwamba. Kwa Kayenze mwambaoni mwezi mbaya ni wa tano, masika imemaliza na ziwa liko juu. Baridi ya kugandisha hatuna, wenzetu wa Makete wanaipata na ikigandisha mirija mipana inajaa viputo, kwetu hiyo ishu haipo kabisa, kwahiyo ukisoma mahali kwamba mti fulani "haufai" kwasababu ya baridi usiogope.

Kama unataka kuona mwenyewe tofauti ya mabomba, kata kijiti kibichi kilichonyooka urefu wa kalamu, menya ganda, chonga ncha zote mbili kwa wembe, zamisha ncha moja kwenye maji ya sabuni upulize upande wa pili kwa nguvu. Mti wenye mirija mipana na mirefu unaona vipovu vinatoka. Kijiti cha mpaina puliza mpaka mashavu yaume, hakitoki kitu. Usitumie mimea yenye utomvu mweupe, mingine ni sumu na hata isiyo na sumu utomvu unaziba. Wanangu nimewafanyia hii wakakaa nyuma ya nyumba siku nzima wanapuliza vijiti.

Na miche yenyewe inafundishika. Mche uliolelewa kivulini na kumwagiliwa asubuhi na jioni unajenga mbao laini na majani mapana, ukiupeleka juani mlimani siku moja ni msiba. Kitalu kizuri kinapunguza maji taratibu na kuondoa kivuli wiki nne mpaka sita kabla ya kuuza, mche unakuwa mfupi, umekomaa rangi, sio wa kupendeza sana. Mteja anachagua ule mrefu wa kijani laini, mi namuomba achukue huu mfupi. Na siku ya kupanda fanya jioni, usiguse mizizi, punguza majani kidogo ili mvuto upungue wakati mizizi inajishika upya.

Mama tulimalizana hivi. Kisesa juu kwenye mawe miarobaini minane na mikwaju miwili, chini ya mteremko ambako udongo una kina migrevilea mitano na mivule miwili. Kayenze mikuyu mitatu, nyuma ya pale maji yalipofika 2020, jirani zake wanapakumbuka watamwonyesha. Mpaina na mkaratusi hakuchukua. Hakuondoka na mche hata mmoja siku hiyo, nimeitenga kwenye jua pale kona ya kitalu, namwagilia siku moja naruka mbili, atakuja kuichukua vuli ikishanyesha mara tatu za uhakika.